Nasaba ya Karanga

Msomaji, ukipata nafasi ya kufika Amagoro siku ya soko, baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, usipite upesi mahali wanapokaa akina mama wauzao karanga. Simama kidogo utazame. Juu ya magunia yaliyotandikwa chini utaona mafungu ya rangi mbalimbali: mengine mekundu, mengine ya rangi ya udongo wa kichuguu, mengine yamefifia hata yakakaribia weupe. Ziko punje ndogo za mviringo, na ziko nyingine ndefu zilizobanana katika ganda moja. Kando yake pamewekwa simsim, nyeupe na nyeusi, inayopimwa kwa mkebe. Waulize wenye mali, nao watakueleza bila kusita kwamba mbegu hii huiva upesi, ile huchelewa lakini ina mafuta mengi, na ile nyingine ndiyo waliyoikuta kwa wazee. Kwa Kiteso karanga huitwa emaido, na simsim huitwa ikanyum. Lakini chini ya majina hayo mawili yako majina mengine madogo madogo, kila moja la mbegu yake.

Sasa nakuuliza swali ambalo ni jepesi kulitamka. Je, mbegu hizo ni za namna nyingi kweli, au ni moja tu iliyovaa nguo nyingi? Wataalamu wamelitafutia jibu swali hilo kwa muda mrefu, na jibu lilipopatikana, katika miaka ya 1990, liliwashangaza wengi wao. Wala si swali la kupitishia wakati. Mkulima wa Amagoro anayeingia shambani asubuhi akakuta mikaranga yake imedumaa, majani yamejikunja na kugeuka manjano, na chini ya udongo hamna kitu, huyo ameguswa na swali hilo, ijapokuwa halijui.

Yafaa kwanza tujue tuko wapi. Amagoro ni mji mdogo wa Waiteso wa Kenya, karibu na Malaba, mahali reli na barabara kuu zinapovuka kwenda Uganda. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda ikaiunganisha na himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa sababu hiyo Waiteso wengine wakawa upande huu, wengine wakabaki Tororo, na walio wengi zaidi wako mbali kaskazini, Kumi, Ngora, Soroti na Serere. Watu waligawanywa kwa kalamu, lakini mbegu hazikugawanyika. Binti aliyeolewa ng'ambo alikwenda na kibuyu cha mbegu za kwao, na shangazi aliyekuja kuomboleza alirudi na konzi ya mbegu za huku. Hata leo, malori yanaposimama foleni ndefu pale Malaba yakingoja karatasi zao, karanga na simsim hupita kichwani mwa watu na juu ya baiskeli, kwa njia ambazo hazina foleni.

Walakini karanga si mzaliwa wa nchi hizi. Asili yake ni Amerika Kusini. Watu wa kale wa huko waliithamini mno: mwaka 1987, huko Sipán katika nchi ya Peru, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi la mtawala mmoja wa Wamoche, na miongoni mwa mapambo yake mlikuwa mkufu ambao shanga zake zilikuwa karanga za dhahabu na za fedha. Wareno ndio walioileta karanga katika pwani za Afrika katika karne ya 16, na kutoka pwani ikasafiri kwa mikono ya watu hata ikafika bara. Kabla yake Afrika ilikuwa na njugu yake yenyewe, ile njugu mawe, ngumu na ya mviringo, ambayo wengi wenu mmeila ikiwa imechemshwa. Mgeni alipoingia, mwenyeji akasogea pembeni. Jambo hilo hutokea kwa watu pia.

Mgeni huyu alikutana hapa na adui ambaye hakumjua kwao. Mwaka 1907, katika Tanganyika iliyotawaliwa na Wajerumani, iliandikwa kwa mara ya kwanza habari ya ugonjwa unaoidumaza karanga na kuyakusanya majani yake kama kishada. Ndio ugonjwa unaoitwa rozeti. Baadaye ilijulikana kwamba unaletwa na virusi, navyo huchukuliwa na vidukari, wadudu wadogo weusi wanaofyonza utomvu wa machipukizi. Ugonjwa huu hauko Amerika, wala hauko Asia. Ni wa Afrika tu, na visiwa vyake. Maana yake ni kwamba virusi hivyo vilikuwa vikiishi hapa katika mimea mingine, vikaikuta karanga, na karanga haikuwa na kinga, kwa kuwa mababu zake hawakupata kupigana na adui huyo. Mwaka 1975 rozeti iliharibu kiasi cha hekta 700,000 za karanga kaskazini mwa Nigeria. Fikiri, msomaji, ni akina mama wangapi waliokosa ada ya shule mwaka ule.

Kinga ilipatikana, na namna ilivyopatikana ndiyo sababu ya kuandika insha hii. Mwaka 1952 ugonjwa ulipoenea Afrika ya Magharibi, wataalamu wa kilimo waliona kwamba katika nchi iliyo mpakani mwa Ivory Coast na ile ambayo sasa ni Burkina Faso, karanga kadhaa za wenyeji zilisimama kijani huku nyingine zikifa. Hazikuwa mbegu zilizobuniwa na mtaalamu. Zilikuwa karanga za wakulima wadogo, zilizopandwa na kuvunwa kizazi kwa kizazi katika viunga vyao, na pengine hakuna afisa aliyewahi kuzitazama mara mbili. Kutoka kwa hizo ndiyo imetoka sehemu kubwa ya kinga ambayo wazalishaji wa mbegu wameisambaza Afrika nzima tangu hapo. Nawaza mara nyingi: kama wakulima wale wangalishawishiwa, miaka mitano kabla, wazitupe mbegu zao za kizee na kupanda mbegu moja bora iliyotoka kituoni, je, mwaka 1952 wangalikuta nini?

Mtu aliyeyajua mambo haya mapema kuliko wengi alikuwa Nikolai Vavilov, mtaalamu wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1887. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, hata Ethiopia alifika mwaka 1927, akazihifadhi katika mji wa Leningrad. Aliamini kwamba nguvu ya zao lolote imo katika wingi wa namna zake, na kwamba namna hizo zikipotea hazirudi. Serikali ya nchi yake ilimfunga mwaka 1940, naye akafa gerezani mwaka 1943. Wakati huohuo majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameuzingira mji wa Leningrad, na watu walikuwa wakifa kwa njaa. Wasaidizi wa Vavilov walikaa ndani ya ghala lililojaa mchele, mahindi na kunde, wasile hata punje moja, ili mbegu zisipotee. Mmoja wao, Alexander Shchukin, alikuwa mlinzi wa karanga. Alikutwa amekufa mezani pake. Karanga zake zilibaki salama.

Lakini mtu anayeitunza mbegu kwa gharama kubwa hivyo hana budi kuulizwa: unajuaje kwamba mifuko yako elfu moja ina namna elfu moja, wala si namna kumi zilizoandikwa kwa majina elfu? Kwa muda mrefu njia ya kupima ilikuwa moja, nayo ni macho. Mtaalamu alipanda mbegu katika mistari, akapima urefu wa shina, akahesabu siku za kuchanua, akaandika rangi ya ua na ukubwa wa punje. Njia hii ni nzuri, wala haijatupwa. Mwaka 2002 wataalamu wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti yenye makao yake makuu nchini India, waliitumia kuchagua mbegu 184 za kuwakilisha mbegu 14,310 za karanga zilizokuwa ghalani mwao. Ila macho yana udhaifu wake. Panda mbegu moja katika kichanga cha Amagoro na katika udongo mweusi wa mabondeni, nawe utadhani ni mbegu mbili. Tena jina halisaidii. Karanga ikivuka mto Malaba huweza kupata jina jipya, kama mtoto aliyepelekwa kulelewa ugenini. Na mbegu mbili zisizohusiana huweza kuitwa kwa jina moja kwa kuwa zote ni nyekundu.

Basi ilihitajika njia ya kuisoma mbegu kwa ndani. Katika kila seli ya mmea zimo nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu, na katika hizo imo DNA, ambayo unaweza kuifikiri kama maandishi marefu sana yenye herufi nne tu, A, C, G na T. Umbo lake lilitambuliwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa msaada wa picha za Rosalind Franklin, ambaye sifa yake ilichelewa kumfikia. Maandishi ya karanga yana herufi zaidi ya bilioni mbili na nusu. Kuyasoma yote, kwa kila mbegu iliyo ghalani, lilikuwa jambo lisilowezekana katika karne iliyopita. Ndipo wataalamu walipobuni hila. Hawakusoma kitabu kizima. Walichagua mahali pachache ambapo nakala moja ya kitabu huweza kuhitilafiana na nyingine, wakapaita alama. Ukilinganisha mimea miwili katika alama kumi, au mia, utajua undugu wao kwa kadiri ya kutosha. Na alama hizo hazibadiliki kwa sababu ya udongo wala mvua.

Alama za kwanza zilipendekezwa mwaka 1980 na David Botstein na wenzake nchini Marekani. Walitumia vimeng'enya vinavyoikata DNA kila vinapokuta neno fulani. Ikiwa neno hilo limebadilika herufi moja katika mmea mmoja, kimeng'enya hakikati pale, na vipande hutoka virefu zaidi. Vipande huwekwa katika ute ulioganda kama jeli, umeme ukapitishwa, navyo husukumwa. Vifupi huenda mbali, virefu hubaki nyuma, na mtazamaji huona mistari. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni kwa saa chache, na tangu hapo kazi ikawa nyepesi, kwa maana kipande cha jani changa chatosha kuanzia.

Kwa zana hizo wataalamu waliiendea karanga katika miaka ya mwanzo ya 1990. Walichukua mbegu za nchi nyingi, za kila rangi na kila umbo, kama zile ulizoziona sokoni, na pamoja nazo wakachukua jamaa zake wa mwituni kutoka Amerika Kusini. Wa mwituni walihitilafiana sana. Lakini karanga za kulimwa, zile zinazoonekana kwa macho kuwa za namna chungu nzima, alama zao zilikuwa karibu sawasawa. Mstari kwa mstari, jeli kwa jeli, hakuna tofauti. Ilikuwa kama mtu aliyewaona vijana kumi wamevaa kanzu za rangi kumi, akadhani wametoka nchi kumi, kumbe ni watoto wa mama mmoja.

Sababu yake imo katika historia ya karanga yenyewe, na ni historia ya ajabu. Karanga tunayokula ilizaliwa na mimea miwili ya mwituni yenye kromosomu 20 kila mmoja. Kwa kawaida mtoto wa wazazi wasiofanana vile huwa tasa, kama nyumbu. Lakini kromosomu za mtoto huyu zilijizidisha maradufu zikawa 40, naye akaweza kuzaa. Tangu siku hiyo alikuwa na kromosomu mara mbili ya zile za jamaa zake, kwa hiyo hakuweza tena kuchanganyika nao kwa urahisi. Mlango ulifungwa nyuma yake. Karanga zote ulimwenguni, za China, za Senegal, za Amagoro, zimetoka katika mlango huo mwembamba. Mwaka 2016 maandishi yote ya wazazi hao wawili yalichapishwa. Mmoja wao ni mmea uliochukuliwa karibu na kijiji kiitwacho Ipa, nchini Bolivia, katika miaka ya 1970, na DNA yake ilifanana mno na nusu moja ya DNA ya karanga, hata wataalamu wakaamini kwamba mababu zake ndio walioizaa karanga. Wakakisia kwamba watu wa kale walimchukua mmea huyo kutoka kwao, yapata miaka 9,400 iliyopita, wakampeleka alipo mwenzake. Kwa hiyo wapimaji wa ndoa ile walikuwa wakulima, ijapokuwa hawakujua wanachopima.

Utauliza: kama ndani ni moja, rangi zile zote zatoka wapi? Mwaka 2019 maandishi ya karanga yenyewe yalipochapishwa, jibu lilianza kuonekana. Zile nusu mbili za urithi, ya mzazi huyu na ya mzazi yule, hubadilishana vipande ndani ya mmea uleule, na kubadilishana huko huzaa sura mpya. Wataalamu waliwaoza upya wazazi wale wawili katika nyumba zao za kioo, na baada ya vizazi vichache maua ya rangi tofauti yakajitokeza yenyewe, pasipo mtu kuleta damu ngeni.

Usije ukafikiri kutokana na haya kwamba karanga za sokoni hazina tofauti yenye maana. Hapo ndipo wasomaji wengi wa mambo ya sayansi hukosea. Alama za kwanza zilikuwa chombo cha kupimia magogo. Hazikuweza kupima uzi. Baadaye zilipatikana alama nyingine, kali zaidi, zinazotegemea mahali ambapo herufi mbili au tatu hujirudia. Mfikiri mwandishi anayenakili kitabu chenye neno “polepole” lililoandikwa mara kumi na tano mfululizo. Mara nyingine atakosea hesabu, ataliandika mara kumi na nne au kumi na sita, na kila nakala itakayotokana na yake italirithi kosa hilo. DNA nayo hukosea vivyo hivyo. Kwa kuhesabu marudio hayo, kuanzia mwaka 1999 na kuendelea, watafiti waliweza kuona tofauti ambazo hapo kwanza zilikuwa gizani, wakaanza kuzipanga karanga katika koo zake. Tofauti ni chache, lakini zipo. Na jambo likiwa chache, kulipoteza ni hasara kubwa zaidi.

Nataka uone jinsi alama inavyomtumikia mkulima, maana bila hivyo ni mchezo wa wasomi. Kinga ile ya mwaka 1952 hutawaliwa na jeni mbili zinazojificha. Mmea hauwi na kinga mpaka urithi kila moja ya jeni hizo kutoka pande zote mbili, ya baba na ya mama. Kwa hiyo mzalishaji wa mbegu anayepandanisha karanga yenye kinga na karanga tamu inayopendwa sokoni, watoto wa kwanza wote watakuwa dhaifu, na katika wajukuu ni mmoja tu kati ya kumi na sita atakayekuwa salama. Humtambuaje? Kwa kuwaachia vidukari washambulie shamba zima, kisha kuokota wachache waliosalia. Ni kazi ya misimu mingi, na ikiwa vidukari hawakuja mwaka huo, kazi imepotea.

Ilipatikana pia kinga ya namna nyingine. Karanga moja iliyotoka kusini mwa India, ambayo ghalani huitwa ICG 12991, haipendwi na vidukari wenyewe. Wakitua juu yake hawazai sana. Jambo hilo hutawaliwa na jeni moja, na mwaka 2004 watafiti walichapisha alama za DNA zilizo jirani na jeni hiyo. Jirani, nasema, si jeni yenyewe: alama ni kama mti mkubwa ulio karibu na nyumba unayoitafuta. Mzalishaji mwenye alama iliyo karibu hivyo aweza kuchukua kijani cha mche ungali mdogo, akakitazama katika maabara, akajua kama mche huo unaelekea kuwa na kinga, hata kama hakuna kidukari hata mmoja msimu huo. Karanga hiyohiyo ya India ilitolewa kwa wakulima wa Uganda na kituo cha Serere kwa jina la Serenut 4T.

Na Serere, kumbuka, ni nchi ya Waiteso. Kituo cha huko kilianzishwa zama za ukoloni, pamba ikiwa ndiyo kazi yake kubwa; baadaye kikawa nyumba ya mtama, wimbi, karanga na simsim. Mbegu zake zinazoitwa Serenut kwa karanga, na Sesim kwa simsim, zimeenea Uganda nzima, na upande huu wa mpaka pia zimeingia, nyingine kwa barua za serikali na nyingine kwa shangazi. Huku Kenya kituo cha utafiti kilicho karibu nasi ni Alupe, karibu na mji wa Busia. Hazina ya taifa ya mbegu iko mbali, Muguga, kandokando ya Nairobi, ambako mbegu hukaushwa na kuwekwa katika baridi kali zilale kwa miaka mingi.

Simsim ina habari yake, nami nitaigusa tu. Jamaa zake wengi wa mwituni wako Afrika, na kwa sababu hiyo wapo waliodhani kwamba Afrika ndiyo mama yake. Lakini simsim ya kulimwa ina kromosomu 26, na jamaa zake kadhaa wa mwituni wa Afrika wana 32. Jamaa wa India anayepandana nayo bila taabu ana 26. Habari hiyo, pamoja na punje zilizoungua zilizofukuliwa katika mji wa kale wa Harappa, imewaelekeza wataalamu wengi upande wa India. Mwaka 1999 watafiti wa India waliipima simsim kwa alama za DNA wakaikuta na utofauti mwingi, si kama ule umaskini wa karanga. Na mwaka 2014 Wachina wakachapisha maandishi yake yote, yenye jeni zipatazo 27,000. Afrika Mashariki haikukaa kimya: mwaka 2013 ilitoka kazi ya watafiti wa hapa waliopima kwa alama za namna hiyo simsim za kulimwa za eneo letu pamoja na jamaa zake wa porini. Nimefurahi kuiona. Ni vema nasaba ya mtoto ichunguzwe na watu wanaomjua kwa jina.

Mbegu hupotea kimyakimya, na kwa njia nyingi. Kati ya mwaka 1987 na 1992 vita na wizi wa ng'ombe viliivuruga nchi ya Teso upande wa Uganda. Watu walikimbia, wengine wakakusanywa kambini. Mtu aliyefukuzwa shambani hana msimu wa kuchagua mbegu. Amani ikirudi hupanda alichopewa. Mara nyingine hakuna vita. Mnunuzi mwenye lori hutaka karanga nyekundu za ukubwa mmoja, basi, na mwanamke mwenye watoto watano hupanda kinachonunuliwa. Simlaumu hata kidogo. Ila wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kutunza na kupima, nao hufika kijijini na fomu za kugawa mbegu mpya bila mfuko wa kuchukulia zile za zamani, hao nawalaumu.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa na nyanya yetu, ambaye kwa desturi ya Kiteso tulimwita tata. Juu ya moto wa jikoni pake palining'inia kibuyu kilichozibwa kwa udongo na majivu, na ndani yake karanga zenye mistari, wekundu na weupe, ambazo hazikuuzwa. Alizipanda pembeni mwa shamba, mistari mitatu au minne, kila mwaka. Sisi tulizicheka kwa kuwa ganda lake lilikuwa gumu na punje zilikuwa ndogo. Nilimwuliza siku moja, “Tata, karanga hizi za kazi gani?” Akanijibu, “Mwaka ule karanga zote zilipokunja mikono, hizi hazikukunja.” Sikumwelewa, wala sikumwuliza zaidi. Baada ya miaka mingi, niliposoma juu ya kishada cha majani na juu ya wakulima wale wa Afrika ya Magharibi, maneno yake yalinirudia usiku nikashindwa kulala.

Mwaka 1984 mvua zilikosekana na chakula kikaadimika, tata alikishusha kibuyu, akazikaanga karanga zile, akatugawia watoto. Zilikuwa tamu kuliko nilivyodhani. Alibakiza konzi moja ya kupanda; panya waliiona kabla ya mvua kurudi.

Miaka ya karibuni nimeuliza katika masoko ya Amagoro, Malaba na hata Tororo kama kuna mwenye karanga za mistari. Nimeonyeshwa nyingi, na kila mara nimenunua kidogo. Zile za tata zilikuwa na mistari iliyoanza upande mmoja wa punje na kuishia katikati. Hizi mistari yake hufika mwisho.